Nimekutana na Mama Mkwe Miguu Ikiwa Juu

Leo heshima yangu imekwisha. Yote. Hata ile ya akiba.

Ni Jumamosi, saa nane mchana, nimekaa kwenye kiti cha jikoni hapa Voi, na mke wangu yuko chumbani anacheka peke yake. Amefunga mlango ili nisimsikie. Namsikia. Kwa hivyo wacha niwaambie mimi mwenyewe kabla yeye hajawaambia, maana akieleza yeye ataongeza chumvi, na hii habari haihitaji chumvi hata punje.

Kwa wale wageni kwenye hili grupu: mimi ni Baba Neema, mtu wa Kakamega, miaka hamsini na moja, msimamizi wa mitambo kwenye kiwanda cha mkonge nje ya mji. Nilikuja huku nikiwa kijana mwenye kiuno. Sasa mashine ya mkonge haina huruma. Ikikwama, unainama. Ikizidi kukwama, unaingia ndani nusu mwili. Hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu miaka ishirini na mitano.

Halafu wiki mbili zilizopita nikapiga chafya.

Chafya moja tu! Sikuinua gunia, sikuanguka, sikupigana na mtu. Nilikuwa nimesimama mbele ya wafanyakazi wangu nikiwaeleza habari za usalama kazini, nikapiga chafya, na mgongo ukafunga kama kufuli. Nikabaki nimeinama hivyo, macho chini, kama mtu aliyepoteza sindano. Wafanyakazi walidhani nawaonyesha mfano. Wawili wakainama pia.

Meneja akanipa likizo nikapone. Kabla sijatoka ofisini akaniambia, "Baba Neema, ukirudi bado umepinda, usijali. Nitakutafutia kiti pale getini, uwe unaandika namba za magari." Alisema kwa upole. Huo upole uliniuma kuliko mgongo. Mimi! Mtu anayejua mlio wa kila springi kwenye kile kiwanda, nikaandike namba za magari?

Daktari wa viungo alinibonyeza, akaguna, akasema mgongo wangu hauna kosa. Kosa ni la tumbo. Ati kuna misuli ya ndani kabisa ya tumbo inayotakiwa kuushikilia mgongo, na yangu iliacha kazi zamani bila hata barua. (Nilitazama tumbo langu. Halikufanana na kitu kilichoacha kazi. Lilifanana na kitu kilichopandishwa cheo.)

"Kuna mazoezi yanaitwa rifoma pilates," akasema. "Wamefungua hapa mjini. Yatakusaidia."

Mimi nikasikia "rifoma", nikafikiria ile shule ya watoto watukutu. Nikasikia "Pilato", nikafikiria yule aliyenawa mikono.

"Daktari," nikamuuliza, "mimi nimekosa nini?"

Mke wangu, Wakio, ndiye aliyepiga simu kunipangia nafasi. Wakio ni mtu wa Chawia, na watu wa milimani wana tabia ya kujua jambo wakalinyamazia. "Jumamosi saa nne asubuhi, nafasi iko," akasema, akatabasamu. Mtu aliyeoa miaka ishirini na miwili alitakiwa kuuliza lile tabasamu lilikuwa la nini. Mimi niliuliza kama kuna chai.

Wakatutumia ujumbe: njoo na taulo ndogo, usivae nguo pana maana inaweza kunaswa na springi. Suruali zangu zote ni pana. Juzi nikaenda sokoni kwenye mitumba nikamweleza muuzaji shida yangu. Akachimba, akanitolea kaptura nyeusi ya kubana, inayong'aa. "Hii ni ya kimataifa, mzee." Nikanunua bila kujaribu. (Nani anajaribu kaptura ya kubana katikati ya soko?)

Leo asubuhi nikaivaa. Kumbe ni ya waendesha baiskeli. Kaptura za waendesha baiskeli, kama hamjui, zimeshonewa mto. Mto! Kule nyuma, mnene, wa kukalia. Nikasimama mbele ya kioo cha kabati. Kwa mbele nilikuwa mwanaume. Kwa nyuma nilikuwa mtoto ambaye hajabadilishwa nepi tangu jana.

"Wakio, siendi."

"Utaenda getini?" akauliza kutoka jikoni.

Nikavaa koti refu juu yake nikaenda.

Mahali penyewe ni orofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Ngazi kumi na nane. Najua idadi kwa sababu kila moja ilinisalimia kiunoni. Juu kuna chumba kisafi, sakafu ya mbao, muziki wa mtu anayepuliza filimbi bila haraka, na ukuta mzima ni kioo. Nani aliwaambia watu wenye maumivu wanataka kujitazama?

Mwalimu ni binti wa Ronge, wa milimani pia, anaitwa Shali. Alisomea hii kazi Nairobi akarudi kwao. Ni mwembamba, amenyooka kama msumari mpya, na anaongea taratibu kama anayekubembeleza ulale.

"Karibu, mzee wangu. Vua viatu. Vua koti pia."

"Koti nitabaki nalo."

"Litanaswa."

Nikalivua. Kulikuwa na wanawake wawili tayari: mmoja mwalimu wa chekechea, mwingine mfanyakazi wa benki aliyejifungua juzi juzi. Walinitazama mbele, wakanitazama nyuma, wakageuka wote wawili kutazama dirisha. Yule wa benki mabega yalikuwa yanatikisika.

Shali akanipa soksi zenye vidonge vya mpira chini ili nisiteleze. Zangu zilikuwa za waridi. "Saizi yako imebaki rangi hiyo tu," akasema. Sawa. Tuendelee. Nikapanda kitandani.

Kitanda chenyewe ni hivi. Ni fremu ndefu ya mbao. Ndani yake kuna kigodoro kilicho juu ya magurudumu, kinateleza mbele na nyuma kwenye reli. Upande wa miguu kuna springi tano zinazokivuta, na unachagua utumie ngapi. Upande wa kichwa kuna kamba mbili zinazopita kwenye puli, na mwisho wa kila kamba kuna mkanda wa kuingiza mkono au mguu. Basi. Nilipoona reli, springi na puli, moyo ukatulia. Hii ni mashine! Mimi na mashine tunaelewana. (Ndivyo nilivyojiambia. Kwa sauti. Mbele ya mashahidi.)

Tulianza kidogo kidogo. Unalala chali, unaweka nyayo kwenye chuma cha upande wa springi, unasukuma, kigodoro kinaenda, unarudi polepole. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi ya watu wazima? Nikasukuma mara tatu kwa kasi.

"Polepole, mzee," Shali akasema. "Kusukuma si kazi. Kazi ni kurudi. Springi inataka kukurudisha yenyewe, wewe ikatalie."

Nikaikatalia. Jameni. Mapaja yalianza kutetemeka kama injini iliyopungukiwa mafuta. Jasho likatoka mahali ambapo sikujua panatoa jasho. Shali akaweka kidole kimoja chini ya kitovu changu akasema, "Hapa. Vuta ndani. Sasa vuta pumzi kwa pua, ifike hadi mbavu za nyuma. Toa kwa mdomo kama unapuliza chai."

Nami nikapuliza chai. Na nitasema ukweli, ingawa ukweli wenyewe unanikasirisha: kulitokea dakika moja hivi ambapo sikuwaza kitu. Sikuwaza meneja, sikuwaza geti wala namba za magari. Nilikuwa nahesabu pumzi tu. Wiki mbili kichwa changu kilikuwa kinapiga kelele kama kiwanda, na kwa dakika hiyo moja mtu alikizima.

Ningebaki hapo hapo, ningekuwa nawaandikia habari nyingine sasa. Lakini nikafungua macho nikawatazama majirani.

Zoezi lililofuata ni la kuweka miguu kwenye ile mikanda. Unalala, miguu juu, unaishusha ukivuta kamba, kigodoro kinateleza kuelekea kichwani, kisha unairudisha kwa utulivu. Shali aliniwekea springi mbili tu. Nikachungulia kwa yule mwalimu wa chekechea. Tatu! Mama mdogo kama kalamu, springi tatu. Mimi, fundi wa mkonge, mbili.

Hapo mlango ukagongwa, Shali akaenda kufungua. "Huyo ni mteja wangu wa kitanda cha pembeni," akasema. "Msianze mpaka nirudi."

Akageuka tu. Nikakaa, nikainamia upande wa miguu, nikaziingiza springi zote tano. Ndoano tu, kwani kuna nini? Nikalala. Nikaingiza miguu kwenye mikanda mwenyewe vile nilivyoona wenzangu wakifanya. Nikavuta pumzi (ya kiburi, si ya tumbo) nikasukuma.

Ilikuwa nzito kama kusukuma tingatinga. Lakini mimi ni mbishi. Nikaguna, nikakaza meno, kigodoro kikaenda, kikaenda, mpaka miguu ikanyooka kabisa mbele yangu. Springi zote tano zimevutika mpaka zinalia. Nikasema, yes! Nikageuza kichwa kidogo niwaone wale wanawake wananionaje.

Na hapo ndipo nikasikia sauti mlangoni.

"Pole sana mwanangu Shali, nimechelewa. Ukungu kule juu leo ulikataa kutoka."

Ngojeni. Niacheni hapo hapo, miguu imenyooka, niwaeleze.

Hiyo ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu. Mama yake Wakio. Miaka sabini na moja, mjane, anaishi Chawia, analima mahindi na maharagwe kwenye shamba lililosimama wima kama ukuta. Na kwetu Kakamega, jinsi nilivyolelewa, mama mkwe haguswi. Hashikwi mkono. Hukai naye chumba kimoja. Mkikutana njiani unatoka njiani, yeye apite. Akija kwangu, mimi natoka sebuleni naenda chumbani, na salamu napitishia mlangoni: "Shikamoo mama, mvua imenyesha huko?" Yeye anajibu imenyesha au haijanyesha. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya miaka ishirini na miwili. Mvua. Sijawahi kumshika hata kidole.

Sasa rudini kitandani.

Niliposikia ile sauti, tumbo liliachia. Miguu ikaachia. Na springi tano, ambazo zilikuwa zimenivumilia vya kutosha, zikanirudisha.

PAAA!

Kigodoro kiligonga mwisho wa reli mpaka muziki ukaruka. Kamba zikavuta miguu yangu juu, ikapita tumbo, ikapita kifua, ikaja ikasimama nyuma ya kichwa. Magoti yakawa karibu na masikio. Soksi za waridi zikawa zinatazama ukuta. Na ule mto wa kaptura, ndugu zangu, ukawa ndio kitu kilicho juu kabisa katika chumba kile. Ukielekea mlangoni. Unang'aa.

Nikajaribu kushusha miguu. Mgongo ukafunga. Kufuli lile lile la chafya!

"Usisogee, mzee!" Shali akapiga kelele.

(Nisogee niende wapi?)

Nilichoweza kufikia kwa mkono ni taulo tu. Nikaichukua nikajifunika uso. Nilijiambia, uso ukifichika, mwili huu unaweza kuwa wa mtu yeyote.

Nyayo zikaja mpaka kando ya kitanda. Zikasimama.

"Huyu ni nani?" mama mkwe akauliza.

"Ni mteja mgeni, mama," Shali akasema. Nikasikia anahangaika upande wa springi. "Ameongeza springi zote, na mkanda umejikunja kwenye kifundo. Hawa wenzake nao miguu iko kwenye mikanda. Tafadhali mshikie miguu asije akaumia shingo, nizitoe moja moja."

"Hapana!" nikasema kutoka ndani ya taulo.

Nyayo zikasogea karibu zaidi.

"Mgeni wa wapi?" mama mkwe akauliza.

Nikabana pua. Nikatoa sauti nyembamba, ya mtu mwingine kabisa. "Wa... wa Mariakani."

"Mariakani," akarudia, polepole. "Baba Neema, wewe ni wa Mariakani tangu lini?"

"Si mimi, mama."

"Baba Neema. Nimesikia sauti yako nyuma ya mlango miaka ishirini na miwili. Nakujua kwa sauti kuliko kwa uso."

Kisha akanishika miguu. Miguu yote miwili, kwa vifundo, kwa ile mikono inayoshika jembe kila siku. Nikangoja dari ishuke. Nikangoja mababu wa Kakamega wapige hodi. Hakuna kilichotokea ila mama mkwe kusema, "Una baridi. Vuta pumzi kwa pua."

"Mama, tafadhali..."

"Kwa pua, nimesema. Ipeleke nyuma, kwenye mbavu. Usinibishie, nina miezi sita hapa."

Miezi sita! Nikavuta pumzi. Ungefanya nini?

"Toa. Taratibu. Kitovu ndani. Tena."

Springi ya kwanza ikatoka: tik. Nikasikia uti wa mgongo unalegea kidogo, kama nati iliyotiwa grisi. Nikaanza kuamini kwamba pengine nitatoka pale, nitaenda nyumbani, nitahama mji, mambo yataisha.

Lakini mama mkwe alikuwa na shughuli yake.

"Kwa kuwa leo huwezi kukimbia," akasema, "nikuulize kitu. Mimi nilikukosea nini?"

"Mama?"

"Nikija, unaondoka. Nikikaa mezani, wewe unakula chumbani. Siku tuliyomzika mzee wangu, wakwe wote walikuja kunishika mkono. Wewe ulisimama kule kwenye migomba kama mtu aliyekuja kudai deni. Nikajiambia, huyu mtu wa bara ananidharau. Sikumuuliza Wakio, nisije nikamharibia nyumba. Lakini nimeshika hilo swali miaka."

Muziki wa filimbi ulikuwa umezimika. Mwalimu wa chekechea hakusogea. Yule wa benki aliacha kutikisa mabega.

Na mimi nilikuwa vile vile, magoti masikioni, mto hewani. Nawaambia, kuna mambo mtu hawezi kuyasema akiwa amesimama vizuri amevaa suruali. Ndani ya ile taulo, gizani, niliweza.

"Mama, si dharau. Kwetu hiyo ndiyo heshima. Anayemheshimu mama mkwe sana ndiye anayemkimbia sana. Nilidhani Wakio alikueleza."

"Wakio alidhani wewe ulinieleza."

"Na lile kaburi la mzee," nikasema, "ni mimi niliyelipiga saruji. Nilipanda Chawia Jumanne yake, nikangoja uende shambani ndipo nikaanza. Nilikuwa namaliza nikasikia unarudi, nikatoroka kwa upande wa chini."

Mikono yake ikatulia kwenye vifundo vyangu.

"Nilifikiri ni watu wa kanisa," akasema. "Niliwashukuru mbele ya watu wote. Walipokea shukrani!"

"Niliwaona, mama."

Tik. Tik. Springi nyingine mbili. Sikujua kama kilichonilowesha uso ndani ya taulo ni jasho. Tuseme ni jasho. Halafu mama mkwe akasema, kwa ile sauti kavu ya watu wa milimani, "Basi umeniheshimu mpaka umenitia uchungu. Punguza."

Springi zote zikatoka. Wakasukuma kigodoro kuelekea kichwani, kamba zikalegea, mkanda ukafunguka, wakanishusha miguu kama watu wanaoshusha kabati kutoka kwenye lori. Nikalala pale, bapa, nikitazama dari.

"Mzee," Shali akasema, mikono kiunoni, "nani aliongeza springi?"

"Nilizikuta hivyo."

(Nimemdanganya binti wa rika la mtoto wangu, mbele ya mama mkwe, nikiwa na soksi za waridi. Sina la kuongeza.)

Hakunifukuza. Hilo ndilo lililonishangaza. Alinikandakanda mgongo, akanigeuza huku na huku, akaona hakuna kilichovunjika isipokuwa jina langu. Akaniambia nipumzike nitazame.

Nikatazama. Mama mkwe akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akapanda kitanda cha jirani. Akatia springi moja. Moja! Akaingiza miguu kwenye mikanda, akaishusha, akairudisha, na kigodoro hakikutoa hata mlio. Kilikwenda kikarudi, kimya, kama mlango wa tajiri. Miaka sabini na moja. Mimi nilikuwa nimetoa mlio uliosikika mpaka kwenye dawa za mifugo.

"Nilikuja kwa sababu ya magoti," akaniambia, macho juu, bila kuhema. "Nilikuwa napanda shamba kwa fimbo mbili. Sasa napanda bila fimbo. Lakini magoti ni nusu. Tangu mzee aende nilikuwa silali. Kichwa kinasaga tu usiku na mchana. Hapa mtu anakulazimisha ufuate pumzi, na huwezi kufuata pumzi huku unasaga. Nikirudi nyumbani nalala kama mtoto."

"Na Wakio anajua unakuja?"

"Wakio ndiye aliyenileta."

Aha.

Nikameza hilo. Kisha Shali akanirudishia springi mbili, moja moja, akihakikisha naona, na mama mkwe akanihesabia. "Polepole. Usikimbie. Umekimbia vya kutosha." Nikashusha miguu, nikairudisha. Mara sita. Mara ya sita nikahisi kitu huko ndani kabisa ya tumbo kinashika. Kidogo, kwa uvivu, lakini kinashika. Mgongo ukakaa juu yake kama mtu aliyepata kiti.

Wakati wa kuondoka, niliinama nikafunga kamba za viatu. Nikazifunga zote mbili. Nilikuwa nimefika chini ya ngazi ndipo nikatambua nimefanya nini. Wiki mbili Wakio ndiye aliyekuwa akinifungia viatu! Ningeruka kwa furaha kama singekuwa na hasira nyingi hivyo.

Mama mkwe akatoka nyuma yangu. Miguu yangu, kwa mazoea, ikaanza kutoka njiani ili apite. Akasimama. Akanyoosha mkono. Watu wanapita, mchana kweupe, mbele ya duka. Nikautazama ule mkono. Nikautazama tena.

Nikaushika.

"Mvua imenyesha huko?" nikauliza, maana sikujua kingine cha kusema.

"Wacha mvua," akasema. "Jumanne saa nne. Na ununue kaptura nyingine. Hii inaonekana kama umeficha mkate."

Nilipofika nyumbani nikampata Wakio amekaa, chai tayari, uso wa malaika.

"Ulijua mama yako huwa pale Jumamosi saa nne?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeenda?"

Nikajimiminia chai. Akasema, "Miaka ishirini na miwili nimekuwa mlango kati yenu. Nimechoka kuwa mlango, Baba Neema." Kisha akaniuliza kilitokea nini hasa, nikamweleza mpaka pale kwenye Mariakani, na hapo akanyanyuka akaenda chumbani na kufunga mlango. Hajatoka mpaka sasa.

Nikampigia mjomba wangu Kakamega. Yeye ndiye mwenye kujua mila zetu. Nilitaka kujua mtu aliyeshikwa miguu na mama mkwe anatakaswa namna gani.

"Yeye alikuwa amevaa?" mjomba akauliza.

"Amevaa vizuri kabisa."

"Na wewe?"

"Kiasi."

Akakohoa mara mbili. Akasema nimpelekee blanketi zuri na kuku, nimwambie asante, yaishe. Kisha akateremsha sauti.

"Na mgongo?"

"Umenyooka, mjomba."

"Hebu niulizie kama hicho kitanda kitafika Kakamega."

Basi hiyo ndiyo Jumamosi yangu. Jumatatu nitaingia kwa meneja nimesimama wima, na geti atafute mtu mwingine. Jumanne, kwa ruhusa yake, niko kitandani tena, kando ya mama mkwe, springi mbili, kaptura mpya.

Na nyinyi mnaocheka, chekeni tu. Mimi nimejaribu kucheka nimeshindwa, tumbo linauma: ile misuli ya tumbo imerudi kazini leo, na tayari imegoma.